Maji yanapwa saa ngapi? Wiki ya baridi ufukweni na watoto watatu

SWALI: Mwishoni mwa Desemba tutakaa wiki moja kwenye nyumba ya kupanga karibu na bahari, katika nchi ya kaskazini yenye baridi. Watoto wetu wana miaka 4, 8 na 13. Sisi tumezoea bahari ya joto, na hatutaki wiki nzima ipite tukiwa tumejifungia ndani. Tufanye nini nje, twende umbali gani, na hatari hasa iko wapi? – Mama wa watatu

JIBU: Mama, kabla ya kupanga lolote, tafuteni jedwali la maji kupwa na kujaa la mahali hapo hapo mtakapofikia. Msitumie la bandari nyingine ya karibu, kwa sababu hata kilomita hamsini zinaweza kuleta tofauti ya saa nzima. Mtu aliyezoea maji ya joto huhofia baridi kwanza. Baridi ina dawa, nayo ni nguo. Kinachotia familia matatani ni mchana mfupi na maji yanayorudi wakati watoto bado wanachezea mchanga.

Kwenye latitudo ya 50, mchana wa mwisho wa Desemba una saa 8 hivi. Kwenye 55 una saa 7. Kwenye 60 ni karibu saa 6 tu. Maji kwa kawaida hupwa mara mbili kwa siku, kupwa kumoja na kwingine vikipishana kwa saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo siku nyingi mtapata kupwa kumoja tu kwenye mwanga wa jua, na huo ndio muda wenu wa matembezi. Mengine yote, chakula, usingizi wa mdogo, safari ya dukani, yapangeni pembeni yake.

Kupwa husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Tuseme Jumatatu maji yanapwa kabisa saa 3:00 asubuhi. (Jedwali litaandika 09:00, na wengi wetu huteleza hapo. Toeni sita, kisha mwandike saa zenu kwa kalamu pembeni.) Jumatano yatapwa saa 4:40, Ijumaa saa 6:20 mchana, Jumapili saa 8:00. Kama jua linachomoza saa 2:30 asubuhi na kuzama saa 9:40 alasiri, Jumatatu haifai kwa safari ndefu: mkianza tu kuona vizuri, maji nayo yanageuka. Alhamisi na Ijumaa ndizo siku zenu kubwa. Jumapili mwende karibu, kwa sababu giza litawakuta njiani.

Kanuni ya matembezi ni fupi: tokeni saa mbili kabla ya kupwa kabisa, na saa ya kupwa iwakute mmekwisha geuza nyuso kurudi. Familia nyingi hufanya kinyume. Huona ufuko mpana saa ya kupwa, ndipo wanavaa viatu. Saa ya kwanza maji hupanda polepole, yakawapumbaza. Mabaharia hugawa kujaa mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani nusu ya maji yote huja katika saa ya tatu na ya nne. Mahali ambapo tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 4, maji hupanda mita 1 katika kila moja ya saa hizo mbili. Kwenye mchanga unaoinuka mita 1 kwa kila mita 100, ukingo wa maji utakimbia mita 100 kwa saa; kwenye ufuko tambarare zaidi, mita 200 au zaidi. Wala hayaji kwa mstari mmoja kutoka mbele. Hupita kwanza kwenye vijito na mabonde ya mchanga, yakajaza nyuma yenu wakati mlipo bado pakavu.

Kuna mambo mawili yanayoharibu hesabu hii. La kwanza ni mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo huja bamvua, maji yakapwa mbali na kujaa juu kuliko kawaida. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu na tofauti hupungua. La pili ni hali ya hewa. Kila mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali 1, bahari huinuka kwa sentimita 1 hivi. Dhoruba yenye mgandamizo wa 980 badala ya 1013 wa kawaida huongeza karibu sentimita 33 juu ya namba ya jedwali, kabla hata upepo haujasukuma maji pwani. Siku kama hiyo, njia ya chini ya magenge iliyo wazi kwenye karatasi inaweza isifunguke kabisa. Kama mnakwenda Bahari ya Baltiki au Mediterania, kupwa na kujaa ni kudogo sana na upepo ndio unaoamua. Huko someni utabiri wa upepo kwa makini ileile.

Mtoto wa miaka 4 kwenye mchanga wa baridi huenda kama kilomita 2 kwa saa, akisimama kila hatua kumi. Msipange zaidi ya kilomita 1 kwenda na 1 kurudi kwa miguu yake mwenyewe. Tembeeni kwenye mchanga mgumu uliolowa, kwani mchanga mkavu wa juu humaliza nguvu mara mbili. Anzeni kwa kuuelekea upepo, ili urudi ukiwasukuma mgongoni wakati watoto wamechoka. Mkianza na upepo mgongoni mtajiona mashujaa, halafu mtarudi na mtoto anayelia, machozi yakimpiga usoni.

Upepo ndio unaoamua nguo. Joto la nyuzi 5 za Selsiasi penye upepo wa kilomita 30 kwa saa humpoza mtu kama nyuzi 0 penye utulivu. Kwa hiyo koti la nje lisilopitisha upepo na maji lina kazi kuliko sweta la tatu. Ndani yake vaeni nguo ya sufu au ya kitambaa cha michezo inayogusa ngozi, kisha sweta la sufu au flisi. Pamba na jinzi ziacheni nyumbani: pamba ikilowa hushika maji na kunyonya joto la mwili hadi mtakaporudi ndani. Buti za mpira huzuia maji lakini hazina joto lolote. Nunueni zinazozidi kwa namba moja ili soksi nene ya sufu iingie bila kubana, na muweke kikanyagio cha sufu chini. Buti inayobana huzuia damu, na vidole hupoa haraka kuliko ndani ya kiatu chepesi.

Kila mtoto awe na jozi mbili za glavu, moja mkononi na moja kwenye mfuko usiopenya maji, kwa sababu ya kwanza italowa ndani ya nusu saa. Kwa kazi ya kwenye madimbwi ya mwambani kuna ujanja rahisi: glavu nyembamba ya sufu, na juu yake glavu ya mpira ya kuoshea vyombo yenye saizi kubwa. Haipendezi kuangalia, ila mtoto wa miaka 8 atachezea maji ya nyuzi 7 kwa muda mrefu bila kulia. Mdogo mnayembeba mgongoni avae tabaka moja zaidi ya wote. Nyinyi mnatoa jasho kwa kutembea, yeye ameketi tu kwenye upepo, miguu ikining'inia. Mpimeni kwa kuingiza mkono nyuma ya shingo; mikono na pua za watoto huwa baridi hata wakiwa salama.

Chupa ya chai ijazwe kwanza maji ya moto yakae dakika tano, yamwagwe, ndipo mtie kinywaji hadi juu kabisa. Hewa ikibaki ndani, kinywaji hupoa mapema.

Mtoto akianza kuzidiwa na baridi hasemi “nina baridi.” Huwa mkali bila sababu, kisha hunyamaza. Huangusha vitu, hujikwaa, maneno yakawa mazito. Anayetetemeka bado ana akiba. Anayeacha kutetemeka huku angali baridi na mzito wa usingizi ni mgonjwa. Mtoeni kwenye upepo, mvueni vilivyolowa, mkausheni, mfunikeni pamoja na kichwa, mgusane naye mwili kwa mwili. Akiwa macho kabisa na anaweza kumeza, apewe kinywaji cha moto kiasi chenye sukari. Msimsugue mikono na miguu, wala msimtie kwenye maji ya moto. Akisinzia au akichanganyikiwa, pigeni namba ya dharura ya nchi mliyopo. Katika nchi za Ulaya ni 112.

Sasa bahari yenyewe. Mawimbi ya majira ya baridi huzaliwa na dhoruba za mbali, na hayalingani. Utabiri ukisema mawimbi ya mita 2, hiyo ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi; ndani ya saa chache wimbi moja linaweza kufika karibu mara mbili ya hapo. Ndiyo maana mtu hupigwa akiwa amesimama kwenye mwamba uliokuwa mkavu tangu afike. Kabla ya kushuka kwenye miamba iliyo wazi kwa bahari, simameni juu muangalie kwa dakika 15 hadi 20. Mwamba uliolowa au wenye mwani ni eneo la mawimbi, hata kama sasa hivi hakuna wimbi. Siku ya dhoruba ni nzuri kutazama, lakini mtazamie juu na mbali. Gati, kuta za bandari na miamba iliyochomoza siku hiyo si mahali pa watoto, hata wakishikwa mkono.

Hakuna anayeingia majini, na hili mlizungumze na mwenye miaka 13 kabla ya safari, kwani yeye ndiye atakayejaribu. Kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi 15, mwili hushtuka: pumzi huvutwa kwa nguvu bila hiari, na mdomo ukiwa chini ya maji, ni maji yanayovutwa. Mshtuko huo hutulia ndani ya dakika moja hadi tatu. Anayeanguka asipigane na maji. Alale chali, masikio majini, aelee mpaka pumzi itulie, ndipo aite au aogelee. Baada ya hapo ana kama dakika kumi za nguvu mikononi. Nyinyi mlio nchi kavu msimfuate. Mtupieni chochote kinachoelea, hata mpira au chupa kubwa tupu iliyofungwa, mkapige simu ya walinzi wa pwani. Mpira ukipeperushwa baharini, umekwenda. Na siku ya upepo utokao nchi kavu msiutoe mfukoni kabisa: maji yataonekana tulivu karibu na ufuko, na upepo huohuo ndio unaobeba kila kitu kwenda nje.

Tiara inapenda kinyume chake. Upepo utokao baharini huja laini, usio na vizingiti. Ule uliopita juu ya magenge na matuta ya mchanga huja ukijikunja, na tiara huanguka bila kosa lenu. Ile ya umbo la pembetatu hupaa vizuri kwenye upepo wa kilomita 10 hadi 30 kwa saa. Uzi ukivutwa haraka hukata vidole vilivyokufa ganzi, kwa hiyo glavu zisivuliwe.

Lakini burudani kubwa ya bahari ya baridi ni kuokota, na saa yake ni asubuhi baada ya dhoruba. Tafuteni mstari wa mwani uliosukumwa juu, kwa kawaida mistari miwili au mitatu, kila mmoja wa kujaa kwake. Ule wa juu kabisa una vitu vikavu na vyepesi. Wa chini una vilivyotoka majini usiku huo. Mpeni mdogo ndoo, wa miaka 8 kijiti cha kupekulia, na mkubwa daftari au kamera. Mtakuta mifuko ya mayai iliyo tupu, migumu kama ngozi: myeusi yenye pembe nne fupi ni ya samaki aitwaye taa, na ile myembamba yenye nyuzi zilizojisokota kwenye pembe ni ya papa wadogo. Mtakuta gamba jeupe jepesi la ndani ya ngisi, viti vya pweza (viumbe vyenye umbo la nyota) vilivyotupwa kwa mamia, na gogo lililosafiri miezi likiwa limejaa viumbe vyenye shingo ndefu na magamba meupe. Povu la manjano lililorundikana kama theluji mara nyingi ni mabaki ya mimea midogo ya baharini yaliyopigwa na mawimbi, wala si sabuni. Yavuyavu aliyekufa bado anaweza kuwasha, kwa hiyo ashikwe kwa kijiti.

Kwenye Baltiki mtatafuta kaharabu, utomvu wa miti ya kale uliogeuka kito, na baridi ndiyo msimu wake: ni nyepesi kiasi kwamba mawimbi ya dhoruba huinyanyua kutoka chini na kuiacha ndani ya mwani na vijiti. Kuipima, yeyusheni vijiko 8 vya chakula vya chumvi, kama gramu 150, kwenye nusu lita ya maji. Kaharabu itaelea, jiwe na kioo vitazama. Plastiki nyingine nazo huelea, basi kipimo hiki kinaondoa mawe tu. Kuna onyo hapa ambalo wageni hawalijui. Kwenye baadhi ya fukwe za kusini mwa bahari hiyo huokotwa pia vipande vya fosforasi nyeupe kutoka mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Vikiwa vimelowa hufanana sana na kaharabu. Vikikauka, joto la nyuzi 30 hivi, yaani joto la mfukoni, linatosha kuviwasha. Kila kinachookotwa huko kiingie kwenye mkebe wa bati, kamwe kisiingie mfukoni. Chuma chenye kutu chenye umbo la risasi au mtungi hakiguswi popote.

Madimbwi ya mwambani huwa maskini kidogo wakati wa baridi, maana viumbe wengi huhamia kina kirefu. Bado mtapata anemoni, kaa wadogo na konokono wenye gamba la umbo la kofia, ambao kila mmoja hurudi kwenye alama yake ileile mwambani baada ya kula. Msiwang'oe, hawatajishika tena vizuri. Jiwe mliloligeuza lirudisheni kama lilivyokuwa. Kanyageni penye vigamba vyeupe vinavyokwaruza. Mwani wa kijani ni sabuni tupu.

Chini ya magenge msikae wala msile. Mvua na barafu huingia kwenye nyufa na kupanua mwamba, na jua dogo la mchana linapoyeyusha barafu hiyo vipande huachia. Umbali wa kukaa uwe angalau sawa na kimo cha genge. Rundo la udongo mpya chini yake ni dalili kwamba jingine laweza kufuata, ingawa kwa wawindaji wa visukuku ndilo linalovutia. Watazame lile lililokwisha oshwa na bahari na kusambaa mbali.

Matope yanayong'aa karibu na mdomo wa mto yazungukeni. Mguu ukikwama, mtu aegemee nyuma au aketi ili uzito usambae, autikise mguu polepole mpaka maji yaingie pembeni yake. Kumvuta mikono humzamisha yule anayevuta.

Mkikuta mtoto wa sili (mnyama wa baharini anayenyonyesha) peke yake mchangani, mwacheni. Sili wa kijivu wa Bahari ya Kaskazini huzaa kati ya vuli na baridi, na nyoya jeupe la mtoto mchanga halizuii maji. Kumsukumia baharini ni kumuua. Mama yake huenda yuko majini akiwatazama na hatatoka mkiwa hapo. Vilevile wale ndege wadogo wa kijivu wanaokimbizana na wimbi: wana saa chache za kupwa kula chakula cha kuwavusha usiku mrefu, na mtoto anayewafukuza kwa mchezo anawachomea akiba hiyo.

Moto ufukweni ulizeni kwanza kama unaruhusiwa. Kuni zilizoelea baharini zina chumvi, na moshi wake una sumu, kwa hiyo huo uwe moto wa kuota tu, mkae upande upepo unakotoka, na msichome chakula juu yake. Mawe yaliyolowa msiyazungushie moto, yanapasuka kwa kishindo. Kuuzima, mwageni ndoo za maji mpaka mkono uweze kugusa. Kuufukia kwa mchanga huficha kaa la moto kwa saa nyingi, na asubuhi mtoto mwingine atalikanyaga.

Giza la saa kumi na moja jioni msilihesabu kuwa hasara. Baki juu ya mstari wa maji kujaa, kila mtu na tochi yake ya kichwani, kisha mzime zote kwa dakika 20 hadi macho yazoee. Mbingu ya kaskazini wakati huo ina Kilimia upande wa mashariki, na baadaye jioni kundi la nyota la Orioni hupanda chini yake. Nyinyi mtafika mwishoni mwa mwezi, lakini mkirudi mwaka mwingine tarehe 13 au 14 Desemba, vimondo viitwavyo Geminidi huonekana tangu mapema jioni, kabla ya mdogo kusinzia. Laleni chali kwenye turubai, ndani ya mablanketi.

Mkirudi, buti zijazwe magazeti yaliyokunjwa na mbadilishe baada ya saa moja, kisha tena kabla ya kulala. Msiziegemeze kwenye hita, gundi huachia na mpira hupasuka. Zipu za makoti zisuuzwe maji baridi yasiyo na chumvi, la sivyo siku ya tatu hazitafungika.